Kumjua fukusi anayekata majani: mwongozo wa shambani kutoka Mbozi

Mvua ikishakolea, kuanzia Desemba hivi hadi Februari, huwa naletewa majani. Mtu anachomoa jani la mbuni mfukoni, limeshakunjamana, ananinyooshea: "Mwalimu, huyu mdudu gani?" Jani limeliwa ukingoni, meno meno, kama limepitishwa kwenye msumeno. Namjibu, fukusi. Wa pili analeta tembele, nalo limeliwa ukingoni. Fukusi. Wa tatu anakuja na jani la mkaratusi. Hapo ndipo huanza kutazamana, maana fukusi wanayemjua wao yuko kwenye gunia la mahindi.

Neno lenyewe linachangia kutuchanganya. Kwa Kiswahili cha sokoni, kila kidudu kigumu kinachotoboa chakula ni fukusi. Yule wa maharage ya ghalani tunamwita fukusi, lakini ni wa familia moja na mbawakawa wa majani, hana pua ya fukusi. Dumuzi wa mahindi, yule ambaye wazee bado wanamwita Skania, naye ana familia yake. Fukusi wa kweli ni yule ambaye uso wake umerefuka kwa mbele ukawa kama mkonga, na mdomo uko kwenye ncha ya huo mkonga. Ndiyo maana sehemu nyingine yule wa migomba huitwa tembo. Familia yao, Curculionidae, ina zaidi ya spishi 50,000 zilizokwisha kupewa majina, kwa hiyo usifikirie kukariri. Unachohitaji ni mpangilio: uangalie nini kwanza, nini baadaye, na wapi uishie. Watu wengi huanza na rangi. Mimi naiweka mwisho, na sababu nitaieleza.

Vifaa ni vichache: tochi, shuka jeupe kuukuu, vichupa vitupu vya dawa vyenye vifuniko, lenzi ya kukuza mara 10, rula, penseli na vipande vya karatasi ngumu. Simu unayo. Kama una spiriti ya duka la dawa, chukua. Kama huna, friza ya jirani inatosha.

Hatua ya 1: Soma jani kabla hujamtafuta mdudu

Fukusi wa majani hupanda kwenye ukingo wa jani, anatafuna kwenda ndani, anasogea, anatafuna tena. Anachoacha ni mapengo ya nusu duara yanayofuatana, na mara nyingi mshipa mkuu wa katikati unabaki. Ukiona tundu katikati ya jani, limezungukwa na jani zima pande zote, huyo ni mwingine. Kwenye maharage, wa kwanza kumshuku ni mbawakawa wa jenasi Ootheca, anayetoka udongoni mvua zinapoanza. Ni mdogo, anang'aa, ana rangi ya chungwa au nyeusi au mchanganyiko wa zote mbili, na uso wake ni mfupi. Panzi naye hula ukingoni, ila anakula pakubwa na kurarua. Kiwavi huacha kinyesi cha chembechembe. Konokono huacha ute uliokauka.

Halafu gusa lile pengo. Likiwa la usiku wa jana, ukingo wake bado ni laini na wa kijani. Likiwa la wiki mbili nyuma, limekuwa kahawia na gumu, kama kovu. Hili nililijua nikiwa nimeshakaa usiku tatu na tochi kwenye mibuni sita iliyoliwa vibaya mno, sikuona hata mdudu mmoja. Majani yote yalikuwa na makovu ya zamani, wenyewe walishaondoka. Mbuni wa saba, ambao sikuujali kwa sababu ulionekana mzima, ulikuwa na mapengo mawili mabichi.

Hatua ya 2: Mfuate anapolala, au mngoje anapokula

Wengi wa fukusi wa majani hula usiku. Mchana hujificha chini ya matandazo, kwenye nyufa za udongo, kwenye majani makavu yaliyoanguka kuzunguka shina, au katikati ya majani machanga yaliyojikunja. Una njia mbili.

Mchana, piga magoti. Anza kwenye shina, fungua matandazo taratibu kwenda nje hadi kiasi cha hatua moja, ukikagua chini ya kila jani kavu. Kazi hii inachosha na inachafua suruali, lakini ndiyo inayokupa wadudu wengi kwa mara moja.

Usiku, nenda kati ya saa 2 na saa 5. Tandaza shuka chini ya tawi kwanza, ndipo uwashe tochi, wala usianze na tochi. Fukusi akishtuka hashiki tawi wala haruki: anaachia tu, anaanguka kama punje ya mchanga, anakunja miguu na papasi (vipembe viwili vya kichwani) tumboni, anajifanya maiti. Kwenye udongo humwoni tena. Kwenye shuka jeupe unaona kipunje cheusi. Ukilitikisa tawi mara moja kwa nguvu, ngoja dakika tano kabla ya kukung'uta shuka. Vile "vichafu" vitaanza kutembea kimoja kimoja. Watoto wa shule wanaipenda sana sehemu hii, na macho yao yananizidi mimi na lenzi yangu.

Wakati uko pale chini, chimbua kidogo karibu na mizizi. Fukusi wazima wenye pua fupi hula majani, lakini watoto wao huishi udongoni wakila mizizi. Buu wa fukusi ni mweupe, amejikunja kidogo, ana kichwa cha kahawia na hana mguu hata mmoja. Yule buu mnene wa kwenye samadi ana miguu sita mbele. Tofauti hii moja inakutosha kutenganisha familia mbili bila lenzi.

Na kwa nini yuko shambani kwako na kwa jirani hayupo? Wengi wa kundi hili hawaruki, mabawa yao magumu ya mgongoni yameungana katikati. Wanaingia kwa miguu, au wanaletwa. Mwaka mmoja nilinunua miche ya kahawa kwenye kitalu kimoja, nikawa nachana viriba siku ya kupanda. Katika viriba vinne nilikuta mabuu yasiyo na miguu yakiwa yameshamaliza mizizi midogo. Niliporudi kwa mwenye kitalu, aliniambia ni "minyoo ya mbolea, haina shida". Tangu siku ile nachana kiriba kimoja palepale mbele ya muuzaji kabla sijatoa hela.

Hatua ya 3: Pua na papasi

Sasa umempata. Mshike kwa kidole gumba na cha shahada, ubavu wake ukuelekee, usogeze lenzi karibu na jicho lako na mdudu karibu na lenzi.

Angalia pua. Ikiwa ndefu, nyembamba, imepinda kama sindano ya kushonea magunia, huyo ni mtobozaji: jike hutoboa shina, mzizi, mbegu au tunda kwa pua hiyo, kisha hugeuka na kutaga ndani. Ikiwa fupi, pana, imekatika butu kama pua ya ng'ombe, huyo ni wa kundi la wakata majani.

Angalia papasi, yaani vile vipembe viwili. Kwa fukusi wa kweli papasi imevunjika kama kiwiko: pingili ya kwanza ni ndefu kama mkono, halafu zinafuata ndogondogo zinazoishia na kirungu. Kama papasi ni nyoofu, haina kiwiko, huyo si wa Curculionidae hata awe na pua. Utakutana naye kwenye viazi vitamu sasa hivi.

Kuna kijielekezo kingine ambacho watu hukipuuza: mfereji ambamo ile pingili ndefu ya papasi hulala, kwenye ubavu wa pua. Uingereza kuna fukusi wadogo wa kijani wa jenasi mbili, Phyllobius na Polydrusus, wote wana magamba yanayometameta, na hata watu wenye uzoefu huwachanganya. Kinachowatenga ni mfereji huo: kwa Phyllobius uko juu ya pua na ukimtazama kwa juu unauona, kwa Polydrusus unapinda kwenda chini ya jicho. Wadudu hao huku kwetu hatunao, lakini mazoea ya kutazama mfereji yatakusaidia hata kwa wa Mbozi. Piga picha ya ubavu kila mara, hata kama hujui utaifanyia nini.

Hatua ya 4: Viazi vitamu, ambako wanne wanakaa shamba moja

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu shamba moja la viazi linaweza kuwa na fukusi wa aina zote hizi.

Wa kwanza ni Blosyrus. Ni wa pua fupi, kahawia au mweusi, mgongo wake una mikwaruzo na vinundu. Ukimwona ametulia utaapa ni bonge la udongo. Huyu ndiye anayekata tembele ukingoni. Mchana anakaa chini ya marando. Buu wake hachimbi ndani ya kiazi, anachora mifereji mifupi, mipana kwenye ganda lake, kama mtu amekwaruza kwa kijiko. Kiazi unaweza kukila ukimenya kwa kina, ila sokoni hukiuzi.

Wa pili na wa tatu ni ndugu: Cylas puncticollis na Cylas brunneus. Kwa mbali kila mmoja anafanana na sisimizi aliyetunishwa tumbo. Wana pua ndefu, na papasi zao ni nyoofu zisizo na kiwiko, kwa hiyo wako nje ya Curculionidae, wako kwenye familia ya Brentidae. Puncticollis ni mweusi wote na ni mkubwa, milimita 6 hadi 8. Brunneus ni mdogo na wa kahawia. Kuna ndugu yao wa tatu, Cylas formicarius, mwenye kifua chekundu na mgongo wa bluu iliyokolea, aliyeenea sana Asia na Amerika. Ukimwona huyo huku nyanda za juu, mtie chupani umpeleke kwa wataalamu, usimwachie. Mabuu ya Cylas hutoboa ndani kwa ndani, na kiazi hutoa harufu na uchungu ambao hata nguruwe anasitasita. Wakubwa hawawezi kuchimba, hukifikia kiazi kupitia nyufa za udongo, ndiyo maana kiangazi ndicho kiama chake na kupandishia udongo kunasaidia.

Ukitaka kujua dume na jike wa Cylas, tazama pingili ya mwisho ya papasi: kwa dume ni ndefu kama kijiti, kwa jike ni fupi na nene kama kirungu.

Wa nne ni Alcidodes dentipes, mkubwa kuliko wote, karibu milimita 14, ana mistari myeupe iliyonyooka kutoka kifuani hadi mwisho wa mgongo. Buu wake hukaa ndani ya shina, na pale chini shina linavimba kama goti. Kwenye maharage yuko ndugu yake, Alcidodes leucogrammus, naye ana mistari. Usiwatenge kwa mistari kwa kukisia. Andika umemkuta kwenye mmea gani, halafu ulinganishe wawili wakiwa mbele yako.

Bibi mmoja jirani yangu, anayelima viazi tangu sijazaliwa, alinifundisha njia yake. Nilimsalimu, "Shikamoo bibi," akaitikia huku mkono uko udongoni, akachomoa viazi viwili. "Huyu anakwangua, huyu anatoboa, na wa tatu anavimbisha goti. Wewe mwanangu unahangaika na pua za nini?" Kwa shamba, ana haki kabisa. Jeraha linakutofautishia Blosyrus, Cylas na Alcidodes bila kumwona mdudu. Ila kiazi kilichotobolewa, kama ni puncticollis au brunneus, jeraha halisemi.

Hatua ya 5: Kahawa

Kwenye kahawa mwenye kukata ukingo wa jani ni Systates kwa kawaida. Ni mweusi au wa kijivu chenye vumbi, anakaribia sentimita 1, kifua chembamba, tumbo la duara lililotuna, miguu mirefu na papasi ndefu sana. Wanafunzi wangu humwita buibui mara ya kwanza. Hesabu miguu: sita. Hali kahawa peke yake, utamkuta hata kwenye michungwa.

Mbuni mkubwa ukiwa na majani yenye mapengo, hasara yake ni ndogo, nami sioni sababu ya kupulizia sumu shamba zima kwa ajili ya sura ya jani. Kitaluni ni habari nyingine, mche wenye majani sita ukiliwa manne unadumaa. Ukiwa na mashaka, kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kipo Mbimba, hapa hapa Mbozi.

Hatua ya 6: Rangi sasa

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na vichupa vitatu vya Blosyrus, nimeviandika "kijivu", "kahawia" na "mweusi", nikiamini nina spishi tatu. Siku moja nilimwangusha mmoja wa kijivu kwenye kikombe cha maji. Nikamtoa, nikamsugua kwa mswaki wa zamani ili akauke vizuri. Ule ukijivu ulitoka kama tope, chini yake akabaki kahawia. Nikachukua wengine kumi wa kijivu nikawaosha: saba wakawa kahawia, watatu weusi. Spishi yangu ya tatu ilikuwa udongo wa Mbozi.

Na hata rangi isiyo tope huisha. Fukusi wengi wa majani wamevaa magamba madogo sana, laini kama unga wa bawa la kipepeo. Magamba hayo hupukutika kadiri mdudu anavyoishi na kujisugua kwenye majani, kwa hiyo kijana anang'aa na mzee ni mweusi. Wale wa kijani wa Uingereza huishia hivyohivyo. Anayetoka tu udongoni naye bado hajaiva, ni wa rangi nyepesi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo osha, kausha, ndipo uandike rangi, na uiandike baada ya pua, papasi, umbo la kifua, na kama paja lina jino au halina. Jino hilo ni kimwiba kidogo upande wa ndani wa paja la mguu. Likiwepo halipukutiki.

Hatua ya 7: Jua macho yako yanaishia wapi

Chukua fukusi wa ghalani, Sitophilus zeamais na Sitophilus oryzae. Wote wadogo, wote wana madoa manne ya rangi nyekundu-chungwa mgongoni, wote wanakula mahindi. Kwa nje hakuna atakayekuhakikishia. Mtaalamu humpasua dume, akatazama kiungo chake cha uzazi chini ya hadubini: cha zeamais kina mifereji miwili kwa juu, cha oryzae ni laini. Kama huna hadubini, andika "Sitophilus" uishie hapo. Hilo ni jibu kamili.

Wenye mikaratusi, huko Mufindi na Njombe, wana mfano mkubwa zaidi. Fukusi wa majani ya mkaratusi, Gonipterus, aligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1916. Mwaka 1926 waliletewa kutoka Australia nyigu mdogo sana, Anaphes nitens, ambaye hutaga ndani ya mayai ya fukusi huyo. Kwa miongo mingi fukusi huyo alijulikana kwa jina la Gonipterus scutellatus. Mwaka 2012 watafiti walipotazama viungo vya uzazi na vinasaba, walikuta jina hilo moja limefunika spishi kadhaa zinazofanana mno, na yule wa Afrika Kusini hakuwa scutellatus hata kidogo. Ukikuta kwenye majani machanga ya mkaratusi vibuu vya kijani-njano vyenye utelezi, vinavyoburuta uzi mweusi wa kinyesi, pamoja na vifuko vigumu vya mayai vya rangi ya udongo, mwite "Gonipterus" na upeleke sampuli kwa watu wa misitu au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole.

Hatua ya 8: Picha na lebo

Piga picha tatu: kwa juu, kwa ubavu, na uso kwa mbele, rula ikiwa kando. Piga ya nne, ya jani lenye pengo. Kama atakutoroka, picha ya jani ndiyo utakayobaki nayo.

Atakayehifadhiwa, mlaze kwenye friza usiku mzima, mkaushe, mgundishe kwenye ncha ya kikaratasi kigumu kwa tone dogo la gundi chini ya kifua, usizibe tumbo. Wengine waweke kwenye spiriti. Lebo andika kwa penseli, wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti. Nina chupa nzima ya maji ya bluu kuthibitisha. Usikusanye chochote ndani ya hifadhi kama Kitulo bila kibali, hata kama ni kidudu kimoja.

Kuhusu mahali, usiandike mkoa peke yake. Mbozi ilikuwa Mbeya hadi mwaka 2016 ulipoundwa Mkoa wa Songwe, na Makete ilikuwa Iringa kabla ya Njombe kuwa mkoa mwaka 2012, kwa hiyo mdudu wa zamani aliyeandikwa "Iringa" anaweza kuwa ametoka bonde lolote kati ya mabonde mengi. Andika kijiji, wilaya, namba za GPS za simu, mwinuko, tarehe, saa, mmea na alichokuwa akifanya. Ya kwangu ya juzi inasomeka hivi: "Nje kidogo ya Vwawa, Mbozi. Saa 3 usiku, baada ya mvua. Mbuni wa miaka miwili, jani la tatu kutoka juu. Anakula ukingo. Systates, mmoja, mwingine ameanguka, hakuonekana."